Dhahabu ya Kakamega na Msitu Wake

Kwa sisi wanawake wa Pwani, dhahabu huanzia kwa sonara. Huanzia nyuma ya kioo cha duka, juu ya mizani midogo ya gramu, ndipo ikaja mikononi mwa mama zetu na masikioni mwa binti zetu. Ni pambo, na ni akiba vilevile. Bangili aliyopewa mwanamke siku ya arusi yake ni mali yake peke yake, na si wachache kati yetu waliosomeshwa kwa bangili iliyouzwa kimyakimya mwezi wa karo. Nisabu yake twaijua, gramu 85, na kila mwaka tunahesabu. Ilikotoka kabla ya kufika dukani ndiko tusikokuulizia.

Likizo ya Agosti ilitupa nafasi ya kuuliza. Wifi yetu aliyeolewa Mumias, ambaye ni mkunga katika zahanati ya huko, alikuwa ametualika kwa mwaka wa tatu mfululizo, na safari hii alituahidi kututembeza Kakamega, mji wa dhahabu ya zamani, na msitu ulio kando yake. Tulikuwa kina mama wanne, watoto sita, na kaka yetu mmoja wa kutusindikiza. Mmoja wetu alikuwa na jambo lake moyoni. Bintiye ameposwa, arusi imewekwa Mfungo Saba, na bei ya dhahabu siku hizi haishikiki. Alikuwa amesikia kwamba Kakamega mtu aweza kununua dhahabu kwa mchimbaji mwenyewe kwa bei ya chini, akaja nayo kwa sonara wake. Siri hiyo alimwambia mwenzetu mmoja tu, nasi sote tukawa tumeijua kabla gari-moshi halijafika Voi.

Kutoka Nairobi tulipanda basi la usiku kupitia Nakuru na Kericho. Tunawaonya wenzetu mapema: baridi ya Kericho alfajiri si ya kufunikwa kwa leso moja. Tuliposhuka Kisumu kwa swala na chai, watoto walikuwa wamevaa nguo zote walizofungasha. Kutoka Kisumu barabara hupanda kuelekea kaskazini, ikavuka Ikweta, na mara mtu akaona mawe makubwa mviringo yamekaa juu ya vilima katikati ya mashamba ya mahindi na migomba, kana kwamba yamepangwa na watoto wa majitu.

Kilomita chache kabla ya kuingia mjini, pale Ilesi, limesimama jiwe mashuhuri kuliko yote. Wenyeji huliita Ikhonga Murwi, na wageni huliita Jiwe Linalolia. Ni nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 40 hivi, na juu yake limekaa jiwe la duara, mfano wa kichwa cha mtu aliyeinama. Maji huchirizika shavuni mwake, yakaacha michirizi iliyokoza. Ngano za jiwe hilo ni nyingi, na kila anayekusimulia ana yake. Tuliyoipenda ni ya binti aliyemkaidi baba yake kwa ajili ya mwanamume, ingawa mama wa bi arusi wetu alisema hadithi hiyo haifai kusimuliwa mwaka huu.

Kakamega yenyewe ni mji wa kazi: soko kubwa, stendi yenye makelele, ofisi za kaunti, wanafunzi wa chuo kikuu. Serikali ya kikoloni ilihamishia makao ya wilaya hapa kutoka Mumias mwaka 1920, na yumkini pangebaki kituo kidogo tu cha ofisi na maduka ya Wahindi lau si jambo lililotokea mwaka 1931. Mwaka huo mlowezi mmoja aitwaye L. A. Johnson alikuta dhahabu katika mchanga wa mto Yala. Nyakati zenyewe zilikuwa ngumu. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka duniani kote, nzige walikuwa wamekula mashamba, na walowezi wengi walikuwa wamezama katika madeni. Habari ya dhahabu ikawatoka mdomoni kama moto wa makuti. Mamia ya Wazungu walikuja na mahema na makarai, wakapiga kambi mitoni, na vijana wa Kiluhya kwa maelfu wakaajiriwa kuwachimbia.

Tunaomba tukae kidogo hapa, kwa kuwa wenyeji wenyewe hukaa hapa wakikusimulia. Mwaka 1930 serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kuwahakikishia Waafrika ardhi ya hifadhi zao milele. Sheria hiyo ilisema kwamba sehemu yoyote ikichukuliwa kwa manufaa ya umma, watu wapewe ardhi nyingine ya kadiri hiyohiyo, na baraza lao liulizwe kwanza. Miaka mitatu haikuisha. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imekwisha kuonekana, sheria ilibadilishwa harakaharaka. Ardhi ya machimbo ikaweza kuchukuliwa pasipo kutoa ardhi badala yake, fidia ikawa fedha tu, na mashauriano na baraza yakaachwa. Jambo hilo lilizua maneno makali hata katika Bunge la Uingereza, na haliwatoki watu wa Kakamega kinywani hadi leo. Mzee mmoja tuliyenunua kwake ndizi alituhesabia kwa vidole: milele ya Mzungu ilikuwa miaka miwili.

Hadithi hiyo ina uzito mpya. Katika miaka ya karibuni kampuni kubwa imekuwa ikitoboa miamba ya Isulu na Bushiangala, kusini mwa mji, na imetangaza kwamba kuna zaidi ya wakia milioni moja chini ya mashamba hayo. Kila duka tulilosimama kulikuwa na mazungumzo ya nani atahamishwa, apewe nini, na makaburi ya wazee yafanywe nini. Sisi wa Pwani, ambao neno hatimiliki hutukosesha usingizi, hatukuhitaji kufasiriwa.

Mgodi mashuhuri wa enzi ile ni Rosterman, karibu kabisa na mji. Uchimbaji mkubwa uliendelea hapo kuanzia miaka ya 1930 hadi 1952, mgodi ulipofungwa. Jina limebaki kuwa jina la mtaa: wapanda bodaboda husema Rosterman kama sisi tusemavyo Kizingo. Asiende mtu akitarajia makumbusho yenye tiketi na vibao vya maelezo. Kuna mabaki ya majengo ya zamani, kuna mashimo, kuna vilima vya kifusi vilivyoota nyasi, na kuna watu kazini. Kampuni iliondoka, wao wamebaki wakirudia kusaga mawe iliyoyatupa na kushuka katika mashimo ambayo haikuyafukia. Kaka yetu alikwenda kwanza kuomba idhini kwa msimamizi, na watoto tuliwaacha mbali, chini ya mwembe, pamoja na mwenzetu mmoja. Mashimo hayo hayana uzio, na mvua ikinyesha udongo wake huporomoka. Hatungemshauri mzazi yeyote afanye vinginevyo.

Wanaoshuka shimoni ni wanaume. Juu, kazi ni ya wanawake. Tuliwakuta wameketi vivulini, miguu wameinyoosha, kila mmoja na nyundo yake na rundo la mawe meupe, wakiyaponda hadi yawe kokoto. Kokoto husagwa zikawa unga, na unga huoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa kitambaa kizito, ili chembe nzito za dhahabu zikwame na udongo upite. Kinachobaki hutiwa karaini.

"Mulembe," tuliwasalimu kama tulivyofundishwa na wifi. "Mulembe muno," wakaitikia, wakacheka kwa matamshi yetu.

Mama mmoja wa makamo alitusogezea kigogo tukae, kisha akaendelea na kazi. Alitoa kichupa kidogo mfukoni mwa aproni, akamimina karaini tone la kitu kinachong'aa kama fedha na kukimbia kama maji. Ni zebaki. Akaingiza mkono wake mtupu, akavuruga, na zebaki ikaanza kuziokota chembe za dhahabu ambazo jicho haliwezi kuziona. Alipomaliza aliikusanya katika kipande cha kitambaa, akakamua kama tukamuavyo tui la nazi, na zebaki iliyozidi ikarudi kichupani. Ndani ya kitambaa kikabaki kidonge cha kijivu. Hicho huwekwa juu ya makaa, zebaki ikageuka mvuke na kupaa, na dhahabu ikabaki ya manjano.

Wifi yetu alikuwa amenyamaza muda wote huo. Sasa aliuliza, kwa upole wa kazi yake, "Mama, hiki unakichomea wapi?" Akajibiwa kwamba siku za mvua hukichomea jikoni.

Tulirudi chini ya mwembe ndipo akatueleza kwa kirefu. Mvuke wa zebaki hauna harufu, wala haukereketi koo kama moshi wa kuni, na hiyo ndiyo hatari yake. Huingia kwa pumzi, ukafika kwenye ubongo na figo. Mtu huanza kutetemeka vidole, kusahau, kukosa usingizi, na huenda akadhani ni uchovu au husuda za watu. Mama mjamzito aweza asione lolote mwilini mwake, lakini zebaki huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni, na ubongo unaoumbika haustahimili kiasi ambacho mtu mzima angestahimili. Ile inayomwagika hufika mitoni, ikaingia katika samaki, na samaki mezani. Mkataba wa mataifa wa kuizuia, ulioanza kufanya kazi 2017, umepewa jina la Minamata, mji wa wavuvi huko Japani ambako kiwanda kilitia sumu hiyo baharini hadi watoto wakazaliwa na ulemavu. Kuna njia nafuu za kujikinga: kuchomea nje, mbali na watoto, ndani ya chombo kilichofungwa kinachoirudisha zebaki kuwa maji, na kina mama wajawazito wasiiguse kabisa. Baadhi ya kina mama wa huku wamejiunga katika vikundi kutafuta vifaa na leseni. Wengine hawana hata fedha za aproni ya pili.

Ama mwenzetu mwenye arusi, alikuwa hajasahau lililomleta. Alimwuliza yule mama bei. Kaka yetu alimkatiza papo hapo: Sheria ya Madini ya 2016 hairuhusu mtu kufanya biashara ya dhahabu ghafi pasipo kibali, na wanaowanong'oneza wageni mjini kwamba wana kilo za kuuza kwa bei poa ni matapeli, vipande vyao ni shaba iliyopakwa. Mama wa Rosterman akaongeza la kwake, bila kuulizwa. Kile kidonge si safi hata baada ya kuchomwa. Ndani yake bado imo fedha, na zebaki kidogo, na sonara atakayekiyeyusha ataivuta yeye.

Kisha akamwekea kidonge kiganjani akione. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya mtama, robo gramu hivi.

"Kimewachukua muda gani?" mwenzetu aliuliza.

"Siku tatu. Na tuko watatu."

Alikirudisha kwa vidole viwili, kwa uangalifu kama arudishaye yai kiotani. Ndani ya matatu, tukielekea mjini kwa chakula, tulimwona anagusa bangili zake moja moja, midomo ikienda. Gramu 10 bangili moja, punje 40. Siku 120. Anazo sita.

Chakula cha mchana tulikula mkahawani karibu na Msikiti wa Jamia. Kuku wa Kiluhya sifa zake ni za kweli, na desturi ni kwamba firigisi apewe mwanamume mkubwa katika meza. Kaka yetu, mwenye umri wa miaka 27, aliipokea kwa heshima zote na hajaacha kutukumbusha.

Siku iliyofuata tuliingia msituni, na hapa kalamu yataka kukimbia. Msitu wa Kakamega ndio kipande kikubwa kilichobaki nchini Kenya cha ule msitu mkuu wa mvua unaoanzia Kongo. Zamani uliunganika, sasa umebaki kisiwa cha kilomita za mraba zisizozidi 240 katikati ya mashamba yenye watu wengi mno. Una milango miwili. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985, na sasa iko chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori. Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya idara ya misitu, na vijana wa vijiji vya jirani ndio waongozaji. Tuliingilia Isecheno, na mwongozaji wetu alikuwa binti aliyejua majina ya miti kwa Kiluhya, kwa Kiswahili na kwa Kilatini, huku sisi hatumalizi majina ya shangazi zetu.

Sisi tuliozoea mikoko na minazi, inayoruhusu upepo, tulishangaa jinsi msitu huu unavyofunga. Ukipiga hatua ishirini, barabara imepotea na sauti yake. Jua hufika chini kwa vipande vidogo. Kuna miti inayozaliwa juu ya mti mwingine kwa mbegu iliyoangushwa na ndege, ikateremsha mizizi hadi ardhini, ikamkumbatia mwenyeji wake mpaka akafa na kuoza, nayo ikabaki imesimama ikiwa tupu katikati. Watoto waliingia ndani ya mmoja wapo, wote sita, wakatazama juu kama walio kisimani. Kuna mti mkongwe uitwao Mama Mutere, ambao gome lake lina makovu ya kuchanjwa kwa dawa vizazi na vizazi, na bado umesimama.

Mbega walikuja wenyewe, weusi na weupe, mikia kama shungi za pazia, wakiruka juu ya vichwa vyetu pasipo kutujali. Ndege hapa ni zaidi ya aina 300. Tuliowaona kwa yakini ni hondohondo wenye mbawa zenye kishindo, na shorobo mkubwa wa samawati, ambaye rangi zake, alisema mwenzetu mmoja, ni za gauni la kupambia bibi arusi wa Lamu. Vipepeo hawahesabiki. Hukusanyika penye udongo mbichi, ukapita wakainuka wote kwa pamoja.

Alasiri tulipanda kilima cha Lirhanda. Kutoka juu msitu wote unaonekana, na mbele yake ukuta wa milima ya Nandi. Ubavuni mwa kilima hicho kuna tundu la pango, na mwongozaji alipotwambia ni nini tulitazamana: ni njia iliyochimbwa na watafuta dhahabu wa miaka ya 1930. Waliutoboa mwamba, wakaondoka. Leo wakazi wake ni popo. Watoto waliingia na tochi pamoja na kaka yetu, wakatoka mbio wakipiga kelele, wakataka kurudi tena. Ndani ya kisiwa hicho cha miti palikuwa na shimo la tamaa iliyopita, na popo wamelitawala. Mvua ikaanza kabla hatujashuka. Hunyesha karibu kila alasiri, basi kapu la safari lisikose mwavuli, viatu vyenye meno na nguo ya pili ya mtoto. Malipo ya upande wa Buyangu hufanywa kwa simu, fedha taslimu hazipokelewi langoni. Na mkaaji wa muda mrefu aulize kuhusu ngoma ya Isukuti, iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Mapigano ya mafahali tuliyaruka, nafsi zetu hazikuyataka.

Tulimalizia Mumias kwa wifi, mwendo mfupi kuelekea magharibi kupitia mashamba ya miwa. Mji huu ni wa jamaa zetu kuliko tunavyokumbuka. Karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pwani ilifika hapa, kwenye milki ya Wanga, ikipumzika na kufanya biashara ya pembe za ndovu na, tusifiche, ya watu pia. Nabongo Mumia, aliyetawala tangu 1882 hadi alipofariki 1949, aliishi nao, na Uislamu ukapata shina Magharibi ya Kenya kabla ya reli kufika. Katika uwanja wa msikiti bibi mmoja alitusalimia kwa Kiswahili ambacho bibi zetu wa Kibokoni wangekiitikia bila kugeuza shingo. Alituuliza tumetoka ukoo gani, na kabla ya chai kupoa alikuwa amekwisha kutupatia udugu.

Tuliporudi nyumbani mwenzetu hakulisema jambo la dhahabu tena kwa wiki mbili. Kisha Jumamosi moja alituita twende naye kwa sonara. Alivua bangili mbili, za marehemu mama yake, zile nzito zenye nakshi za zamani, akaziweka juu ya kioo, akasema ziyeyushwe, afanyiwe binti mkufu na vipuli. Sonara alimwuliza kama ana hakika, kwa kuwa kazi ya mkono ule haipatikani tena. Binti mwenyewe alikuwepo, akaomba nakshi ya ukingo mmoja inakiliwe.

Sonara akapima, akavaa miwani, akapima tena. Gramu 22 na nusu. Akaandika daftarini, akamkabidhi risiti.